Makopo ya Kimbo na chupa za nikotini: nilivyopanga vifaa vyangu vya vepu

Niliacha sigara nikiwa nimeshavuka miaka hamsini, na nilianza kuvuta nikiwa kijana wa gereji Mombasa. Kilichonitoa kwenye sigara ni vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Nalisema hili mapema ili asiyevuta chochote asidhani namsifia kitu cha kujaribu. Nikotini ni nikotini, na mimi bado inanishika, ila sasa nalala usiku mzima bila kukohoa. Ninalotaka kuwaeleza wanaojaribu kuacha ni jambo ambalo mimi sikuambiwa: vepu ni mashine. Ina vipuri, ina umeme, ina maji yake ya kujaza, na ukiiweka shaghalabaghala ndiyo itakayokurudisha dukani saa nne za usiku kununua pakiti ya sigara.

Naishi Coventry, Uingereza, na kazi yangu ni ya karakana ya mabasi. Huku pakiti ya sigara ishirini inapita pauni 15. Mimi nilikuwa mtu wa pakiti kwa siku, piga hesabu mwenyewe: zaidi ya pauni 450 kila mwezi, na hapo hujamnunulia mtoto viatu. Halmashauri nyingi za hapa zina huduma ya bure ya kuwasaidia watu kuacha, na huko ndiko nilikoanzia. Mama aliyenipokea aliniuliza sigara ya kwanza naivuta dakika ngapi baada ya kuamka. Nikamwambia kabla sijavaa viatu. Akasema basi, wewe usianze na nikotini ya chini.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu anaogopa, ananunua maji yenye nikotini miligramu 3 kwa mililita, anavuta kutwa nzima na kiu haimwishi, wiki haijaisha anasema vepu ni uongo, anarudi kwenye sigara. Sheria ya hapa inaruhusu mpaka miligramu 20 kwa mililita. Mimi nilianza na 18 na nikashiba. Kushuka kulikuja baadaye, polepole, mpaka 12, kisha 6.

Sasa, sheria hiyohiyo inasema chupa yenye nikotini isizidi mililita 10, na tanki lisizidi mililita 2. Nia ni njema, lakini maana yake nyumbani ni utitiri wa vichupa. Vichupa vilijaa droo ya jikoni, vikahamia kwenye kabati la sebuleni, vikaingia kwenye mifuko ya makoti. Halafu kuanzia tarehe 1 Juni 2025 kuuza vepu za kutumia na kutupa kukapigwa marufuku Uingereza nzima, nami nilikuwa nazo chache za akiba, ikabidi nihamie moja kwa moja kwenye zile za kujaza. Na kabla sijapumua, nikasikia kodi: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, pauni 2.20 kwa kila mililita 10. Ukiongeza VAT juu yake inakuwa pauni 2.64, kwa chupa ambayo mimi nilikuwa nainunua kwa pauni tatu na ushee. Nikafanya alichofanya kila mtu: nikaanza kulimbikiza.

Mke wangu alivumilia kwa muda. Siku alipofungua kopo la sukari akakuta koili mbili za vepu ndani ya karatasi ya plastiki, uvumilivu ukaisha. "Baba watoto," akaniambia, "wewe si ndiwe uliyenihadithia kwamba kwa Ami yako huwezi kuweka spana chini?"

Na kweli nilimhadithia, tena mara nyingi.

Ami alikuwa na gereji Changamwe, uwanja tu wenye mwembe mmoja na banda la mabati, miaka ya themanini. Magari yalikuwa ya kila namna, lakini riziki ya pale ilitoka kwa Peugeot 504. Zilikuwa zikiunganishwa hapohapo Mombasa, na zilikuwa kila mahali: pikapu za kubeba samaki na makuti, na zile ndefu za safu tatu za viti zilizopakia abiria kwenda mbali. Ami aliipenda gari ile kupita kiasi. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya milango miwili (coupé) mwaka 1978, na ungemsikia Ami akisimulia ungedhani yeye ndiye aliyefunga zile injini.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa gereji. Kazi yangu ya mwanzo haikuwa kufungua kitu, ilikuwa kupokea. Ami anafungua, ananipa, mimi natafuta pa kukiweka. Bolti ziliingia kwenye makopo matupu ya mafuta ya kupikia ya Kimbo, kila kopo na kazi yake: hili la sampu, hili la kifuniko cha valvu, hili la kabureta. Ndani ya kopo la kabureta kulikuwa na petroli kidogo na brashi ya meno iliyokwisha. Skrubu ndogo za shaba ukizitia kwenye kopo jingine lolote, siku hiyo huli.

Nikumbukacho zaidi ni kadibodi. Injini ya 504 ina pushrodi nane, vyuma virefu vyembamba vinavyosukuma valvu kutoka chini. Kwa macho vyote ni sawa. Lakini kila kimoja kimelika kwa namna yake, kimezoeana na mahali pake, na ukivichanganya injini itakupigia kelele ya tak-tak-tak barabara nzima mpaka Mariakani. Basi Ami alichukua kipande cha kadibodi ya boksi la sabuni, akakitoboa matundu manane kwa bisibisi, akaandika namba kwa kalamu ya mkaa, na kila pushrodi ikasimama kwenye tundu lake. Namba moja iko wapi? Kwenye magari mengi silinda ya kwanza inahesabiwa kutoka mbele, upande wa feni. Peugeot wao wanahesabu kutoka nyuma, upande wa flaiwili. Mafundi waliotoka kwenye Datsun walikuwa wakija pale na gari isiyowaka, inayokohoa na kupiga mizinga tu, kisa wamefunga waya za plagi kwa mpangilio sahihi wa 1-3-4-2 lakini wameanza upande usio wake. Ami hakuwacheka. Alichomoa waya zote nne, akazirudisha, akawasha, akawaomba hela ya chai.

Siku moja nikamwambia, "Ami, spana kumi na tatu haionekani."

"Haionekani, ama hukuirudisha?"

Tuliitafuta mpaka adhani ya magharibi. Ilikuwa juu ya betri ya gari tuliyomrudishia mwenyewe mchana, na mwenyewe alishafika Mtwapa. Ami hakunifokea. Alikaa juu ya tairi, akawasha sigara, akaniambia kuwa fundi akifa vitu vyake vinagawanywa, lakini spana iliyopotea hairithiwi na mtu. Halafu akanipa hela ya matatu nikaifuate.

Sigara ile nayo niitaje. Ami alivuta akisafisha kabureta kwa petroli, wallahi, na hakuna aliyemwambia kitu kwa sababu sote tulivuta. Ndiye aliyeniwashia ya kwanza. Alifariki kwa maradhi ya mapafu nikiwa nimeshahamia huku, na miezi ya mwisho alikuwa akizungumza nami kwa simu kwa maneno matatu-matatu, anapumzika, anaendelea. Mimi huku nilikuwa nimeshika simu mkono mmoja na sigara mkono mwingine. Iliendelea hivyo kwa miaka kadhaa baada ya kumzika. Watu wakikwambia msiba utakufanya uache, usiwategemee.

Basi baada ya maneno ya mke wangu nilishuka stoo, nikatoa sanduku la spana la ngazi, lile ukilifungua trei zinapanda pande mbili. Nikalisafisha kwa sabuni na maji moto mpaka harufu ya grisi ikatoka. Jumamosi nzima nilikuwa mezani jikoni nikipanga, na nitaeleza nilivyofanya kwa sababu naona wengi wananunua vifaa ghali kumbe kilichowashinda ni mpangilio.

Nilianza na koili. Kwenye gari koili inapandisha umeme wa volti 12 mpaka plagi irushe cheche. Kwenye vepu koili ni waya unaopata moto ndani ya pamba iliyolowa, na moto huo ndio unaogeuza maji kuwa mvuke. Kazi mbili tofauti, lakini mtihani ni uleule: omu, kipimo cha waya unavyouzuia umeme. Kila koili ya vepu imeandikwa ubavuni namba yake, mathalani 0.4 au 0.8 au 1.2, na wati inazotaka. Maandishi ni madogo mno na yanafutika. Mimi nilikuwa nazitoa kwenye boksi lake na kuzirusha droo, halafu naweka ya omu 1.2 nikiwa nimeacha mashine kwenye wati za ile ya 0.4. Pamba inaungua pale pale. Atakayeonja ladha ile ya kitambaa kilichochomwa hataisahau, na pauni tatu zimekwenda. Sasa kila aina ina kibati chake cha plastiki chenye kifuniko, omu na wati zimeandikwa juu kwa kalamu nene. Koili mpya naidondoshea maji kwenye pamba, naiacha kwenye tanki dakika kama kumi ilowe ndiyo niwashe. Ami alikuwa hawashi injini aliyoifungua mpaka ameizungusha kwa mkono kwanza oili ipande, na ni kwa sababu hiyohiyo.

Maji ndiyo yaliyonichukua muda mrefu zaidi. Kwenye chupa utakuta herufi PG na VG. PG ni propileni glaikoli, nyepesi, inabeba ladha na kukwaruza koo kama sigara inavyofanya. VG ni gliserini ya mboga, nzito, inatoa mvuke mwingi. Mashine ndogo ya podi, yaani kitangi cha kuchomeka, yenye koili ya omu kubwa, inataka nusu PG nusu VG. Ukiitilia maji ya VG asilimia 70 hayapiti kwenye vitundu vyake kwa haraka, koili inakauka, inaungua, na wewe unalaumu koili. Ukifanya kinyume, ukatia maji mepesi kwenye tanki kubwa la koili ya chini ya omu moja, yatavuja mpaka mfukoni. Mimi nina mashine ya podi tu, kwa hiyo nilipopanga nikakuta karibu robo ya akiba yangu ni maji mazito niliyonunua kwa sababu yalikuwa bei ya chini. Hayanifai. Nilimpa mfanyakazi mwenzangu mwenye tanki kubwa.

Zipo pia chupa kubwa za mililita 50 zinazouzwa bila nikotini, zikiachwa nafasi juu. Unaongeza kichupa kimoja cha nikotini cha mililita 10 chenye miligramu 18, unapata mililita 60 za miligramu 3. Ni rahisi kwa hesabu ya pesa, na ndiyo maana wengi wanazikimbilia, lakini kwa aliyetoka kwenye pakiti kwa siku, miligramu 3 ni maji ya kunawa. Subiri ufike huko kwanza.

Kisha tarehe. Huu ndio uliokuwa msumari wa mwisho kwa ulimbikizaji wangu. Kila chupa ina tarehe ya mwisho, na nyingi hazipiti miaka miwili. Nikotini ikipata hewa na mwanga inageuka rangi, inakuwa kahawia, na ladha ya embe inakuwa ladha ya kabati. Nilitupa chupa ambazo hazijawahi kufunguliwa, za pauni nyingi kuliko kodi niliyokuwa naikimbia. Ami alijua kuweka akiba. Gasketi ya silinda hedi aliilaza juu ya ubao ulionyooka, hakuitundika msumarini, maana ikijikunja imekufa. Tyubu za magurudumu alizipaka poda akazikunja mbali na jua. Na hakununua mipira ya breki zaidi ya ile atakayoitumia, hata ikiwa rahisi vipi. Siku hizi naweka maji ya miezi mitatu tu, kwenye boksi la viatu, kwenye kabati lenye giza na ubaridi, tarehe ya karibu mbele. Kodi ikija nitailipa.

Betri zinataka heshima ya peke yake. Mashine zenye betri ya kutoa hutumia zaidi ile iitwayo 18650, kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ikijaa ina volti 4.2. Utadhani ni betri ya tochi, lakini mwili wake wote chini ya lile ganda jembamba la plastiki ni hasi, na kule juu chanya na hasi zimetenganishwa na kiduara cha karatasi tu. Ganda likichanika pale juu, au betri ikagusana na funguo au sarafu mfukoni, umeme unazunguka wote kwa mkupuo. Pale karakana mwenzetu mmoja aliweka ya akiba kwenye mfuko wa ovaroli pamoja na nati. Tulisikia mfoko, tukaona moshi, na alikuwa na bahati alikuwa amevaa suruali nzito ndani. Paja lilibabuka hata hivyo. Vibweta vya plastiki vya kuhifadhia betri mbili vinauzwa chini ya pauni mbili. Sina betri hata moja iliyo nje ya kibweta, na yenye ganda lililochanika siitumii, hata kama mchaniko ni mdogo. Iliyokufa siitupi kwenye pipa la taka, kwa sababu betri za lithiamu huwasha moto ndani ya magari ya taka. Duka linalouza vepu huku linatakiwa kuzipokea zilizokwisha, nawapelekea wao.

Mjukuu wangu anatambaa. Chupa zina harufu ya stroberi na rangi za peremende, na nikotini ya kumezwa ni sumu kwa mtoto mdogo, hata kidogo. Vifuniko vya hapa ni vile vya kubonyeza ndipo uzungushe, na vinasaidia, lakini podi iliyojazwa na kuachwa kwenye mkono wa kochi haina kifuniko cha namna hiyo. Kwa hiyo sanduku la ngazi lina kufuli, na mashine yenyewe ikitoka mfukoni mwangu inalala juu ya friji. Yakinimwagikia mkononi nanawa papo hapo. Kwenye hili sina mjadala na mtu, hata na binti yangu anayeniambia nimekuwa polisi.

Trei ya mwisho, ile ndogo ya juu, ina vitu vya matengenezo: karatasi laini, vijiti vya pamba, kibano, na kimfuko cha oringi, vile vipira vya duara vya kuziba. Tanki likianza kuvuja watu hununua jipya. Mara nyingi ni kioringi cha senti chache kimebanika vibaya au kimekatika. Nikaona jinsi nilivyokuwa nikitabasamu peke yangu mezani, nimeinama na kibano, mwanamume mzima nabadilisha kipira cha ukubwa wa punje ya mtama, na mikono inajua yenyewe kwamba kipira lazima kilainishwe kwanza kabla ya kukisukuma. Nilikipaka tone la maji ya VG. Zamani tulipaka mafuta ya breki.

Kuna vijana wa mabasi ya umeme kazini ambao hawajawahi kuona kontakti ndani ya distributa. Nimejaribu kuwaeleza jinsi tulivyopima uwazi wake kwa kibamba cha fila geji, sehemu nne za kumi za milimita, na tukikosa kibamba tukatumia ubavu wa boksi la kibiriti. Wananitazama tu. Lakini wanapokuja na vepu iliyokufa, wanakuja kwangu.

Mwaka huu nilikwenda nyumbani. Kwenye ndege mashine na betri zote zinakwenda na mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la chini, na hairuhusiwi kuzichaji humo. Tanki nililimwaga kabla ya kupanda, kwa kuwa hewa ya ndege inapobadilika maji yanasukumwa nje, na nimewahi kuona shati jeupe la abiria likiharibika. Mombasa nilikaa vizuri. Tatizo lilikuwa dada yangu yuko Kampala, na Uganda sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki. Sikutaka kujieleza mpakani Busia. Mfuko wote nikauacha kwa kaka, umefungwa, tarehe ya karibu mbele, nikapanda basi na chingamu za nikotini nilizonunua famasi ya Coventry.